Mwanangu, sadaka si uwekezaji

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Hapa nyumbani hatujambo, na ada ya mdogo wako ya muhula huu imeshalipwa, kwa hiyo isome barua hii kwa utulivu. Uliniuliza kwenye simu mambo matatu kwa mpigo: fungu la kumi litoke kwenye mshahara kabla ya makato au baada yake, utoe mshahara wote wa Januari uwe malimbuko, kama wenzako wa kikundi cha maombi kazini wanavyokuhimiza, na umdhamini yule dada wa ofisini kwenye mkopo wake wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo. Ni maswali ya kujibiwa kwa kalamu.

Chukua kwanza hati yako ya mshahara, maana wengi hubishana kuhusu fungu la kumi la mshahara ambao hawajawahi kuupigia hesabu. Mshahara wako wa msingi ni shilingi 900,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10 kwako, yaani 90,000, na mwajiri anaongeza asilimia 10 nyingine kutoka mfukoni mwake. Zinabaki 810,000, na hizo ndizo zinazotozwa PAYE, kodi ya mshahara. Shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Hadi 760,000 ni asilimia 20, yaani 48,000. Zile 50,000 za juu zinakatwa asilimia 25, yaani 12,500. Jumla ya kodi ni 80,500. Bodi ya Mikopo, iliyokukopesha ukiwa chuoni, inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 135,000. Mkononi unabaki na 594,500. Hati ikionyesha tofauti na hapo, nenda kauliza kwa mhasibu, kwa adabu lakini uulize. Na kila baada ya miezi 3 angalia taarifa ya michango yako NSSF, kwa sababu wapo waajiri wanaokata na hawapeleki. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana, lakini usimwachie Bwana peke yake kazi ya kukagua.

Sasa fungu la kumi. Anayesema 90,000 ana hoja, na anayesema 59,450 ana hoja pia. Biblia haikumtoza zaka, yaani fungu la kumi, mtu wa mshahara. Zaka ilikuwa ya nafaka, divai, mafuta na wanyama, na haikuwa moja tu. Hesabu 18:21 inawapa Walawi zaka kwa sababu hawakugawiwa ardhi. Kumbukumbu la Torati 14:22-26 inataja zaka ambayo mwenyewe unaila mbele za Bwana pamoja na nyumba yako. Na mstari wa 28 na wa 29 inasema kila mwaka wa tatu zaka iwekwe malangoni, wale Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Tena Mlawi mwenyewe alitakiwa kutoa zaka ya zaka aliyopokea, na hilo husikii likihubiriwa mara nyingi. Kwa hiyo atakayekwambia kwamba asilimia 10 kamili ya mshahara wa juu kabisa, kwenye akaunti moja, ndiyo amri ya Mungu isiyo na mjadala, ana bidii kuliko maandiko.

Shauri langu ni hili. Anza na kinachofika mkononi, toa 60,000 kwa mwezi, na usiikwepe hata mwezi mmoja. Deni la Bodi ni fedha uliyokwisha kuila ukiwa chuoni, na hiyo ya NSSF utaipokea uzeeni na kuitolea wakati huo. Ila siku deni la Bodi litakapoisha, 135,000 zitarudi kwenye mshahara wako kimyakimya, na mwezi huohuo ndipo utajua kama moyo wako umekua. Wengi huanza kulipia simu mpya kwa mafungu. Wewe uandike leo, kabla fedha haijaja, kwamba mwezi ule sadaka itapanda pia.

Utaratibu wa kuipeleka nao una umuhimu. Paulo alipochangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakubeba fedha peke yake. Alituma ndugu wengine pamoja na Tito ili mtu asije akawalaumu (2 Wakorintho 8:20-21). Kwa hiyo toa kwa bahasha yenye namba yako ya usharika, au kwa lipa namba yenye jina la usharika. Kabla ya kuweka namba ya siri, jina la mpokeaji hutokea kwenye simu. Likitokea jina la mtu binafsi, hata akiwa mchungaji, ghairi. Mzee wa kanisa mwaminifu hatakasirika ukimwuliza risiti. Usharika unaosoma mapato ya Jumapili iliyopita kwenye matangazo na kutoa taarifa ya mwaka umekurahisishia kazi. Ule ambao kuuliza hesabu ni dhambi, kaa nao kwa sala lakini bahasha yako ipeleke kwingine.

Nije kwenye malimbuko, maana naona hapo ndipo unaposukumwa zaidi.

Fungua Kumbukumbu la Torati 26. Mwisraeli alichukua sehemu ya malimbuko ya ardhi yake, akaitia kikapuni, akaipeleka kwa kuhani, akakiri kwamba baba yake alikuwa mtu mwenye kutangatanga na kwamba Bwana ndiye aliyewatoa Misri. Ni kikapu tu. Shamba zima lilibaki nyuma likingoja kuvunwa, na nyumba yake ikala. Hakuna mahali Musa aliposema mavuno yote ya mwezi wa kwanza yapelekwe kisha watoto washinde njaa hadi mwezi wa pili. Anayekuambia mshahara wote wa Januari ndio malimbuko ameligeuza kikapu kuwa ghala, na amechagua mwezi ambao kwetu ada, sare na madaftari vinadaiwa kwa pamoja.

Na angalia kinachofuata. Mtu ametoa 594,500 yote. Tarehe 5 Februari mwenye nyumba anagonga. Anakopa kwenye simu. Mkopo wa 100,000 unamfikia 85,000 kwa kuwa "ada ya huduma" imekatwa mbele, na baada ya siku 14 anatakiwa kulipa 130,000. Amelipa 45,000 kwa kutumia 85,000 wiki mbili, zaidi ya nusu ya fedha aliyoipokea. Hawezi, anakopa programu ya pili kulipa ya kwanza. Watu hawakukosea walipoiita mikopo hiyo kausha damu. Programu nyingine zinasoma majina yote yaliyomo kwenye simu yako, na ukichelewa, bosi wako na mwalimu wa kwaya wanapata ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Mkopeshaji halali asiye benki anatakiwa kuwa na leseni ya Daraja la Pili kutoka Benki Kuu ya Tanzania. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza hadharani orodha ya programu za mikopo zisizo na leseni, na orodha ilikuwa ndefu. Kabla ya kubonyeza chochote, tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya waliosajiliwa. Mithali 22:7 inamwita akopaye mtumwa wake akopeshaye. Mtu aliyetoa kila kitu madhabahuni akaishia kwenye utumwa huo hajamtukuza Mungu. Amempa mkopeshaji naye sadaka.

Utaambiwa ni mbegu, na mbegu lazima irudi mara 30, mara 60, mara 100. Soma mfano wenyewe katika Marko 4: mbegu ni neno, Yesu mwenyewe ndiye aliyefafanua, na hakutaja shilingi. Nchi yetu ilishalipia somo hili. DECI, mchezo wa kuweka fedha kwa ahadi ya kuzivuna zikiwa zimeongezeka, ilikuwa ikiongozwa na wachungaji, na lugha yake ilikuwa hiyohiyo ya kupanda na kuvuna. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na wanachama wengi, waumini wa makanisa, wakaachwa na stakabadhi mkononi. Tatizo la mchezo wa aina hiyo halikuwa ukosefu wa imani. Ni hesabu. Watu 100 wanaongoja kulipwa maradufu wanahitaji fedha za watu 200 wapya. Hao 200 wanahitaji 400. Ukifika mzunguko wa 10 wanatakiwa watu zaidi ya 100,000, na mtaa hauna watu hao. Wa kwanza wanavuna kwelikweli, ndiyo maana ushuhuda wao kanisani unakuwa mtamu na wa kuaminika. Mavuno yao ni akiba ya jirani aliyekuja nyuma.

Kwa hiyo tenganisha vitu viwili hivi kichwani mwako, na usiruhusu mtu avichanganye tena. Fedha unayoitoa imeondoka. Hudai faida, hungoji gari, humwekei Mungu tarehe. Fedha unayotaka izae, ipeleke inakozaa kwa njia unayoweza kuieleza kwa mdogo wako akaelewa. Ukishindwa kueleza faida inatoka wapi, basi inatoka kwa mtu anayeibiwa, na huenda ni wewe.

Watakusomea Malaki 3:10, lete zaka kamili ghalani. Isome nawe, lakini anza mstari wa 5. Pale Bwana anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wanaomwonea mwenye kuajiriwa kwa ajili ya mshahara wake, na wanaomwonea mjane na yatima. Ghala lenyewe utalikuta Nehemia 13: Walawi hawakupewa sehemu zao, wakakimbilia kila mtu shambani kwake, na ibada ikasimama. Lilikuwa ghala la chakula, lenye watunzaji waliotajwa kwa majina. Ukimweka dada wa kazi siku za usoni, mlipe tarehe mliyokubaliana, kabla ya harambee yoyote. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi.

Kuna na jambo la nyumbani, ambalo hukuuliza. Katika Marko 7 Yesu anawakemea watu waliomwambia baba au mama kwamba kile ambacho kingewasaidia ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu. Sadaka iliyochukuliwa kwenye dawa ya bibi yako si sadaka. Na Paulo naye katika 1 Timotheo 5:8 anamweka asiyewatunza walio wake nyuma ya asiyeamini. Lakini hili lisigeuke fimbo ya ndugu kukuchapia. Tuma nyumbani 50,000 kila mwezi, tarehe ileile, tuipange. Shangazi na binamu wakikupigia, waambie ukweli kwamba fungu la ukoo limekwisha kwenda kwa mama. Nami nitayabeba maneno yao.

Mgawanyo wako wote niliuweka hivi. Fungu la kumi 60,000. Nyumbani 50,000. Akiba ya dharura 60,000. Kodi ya nyumba 120,000, uitenge kila mwezi japo mwenye nyumba anadai miezi 6 kwa mpigo, maana 720,000 haziokotwi wiki moja. Chakula 130,000, ukipika jioni na kubeba mchana. Nauli 50,000. Umeme, maji, gesi na bando 45,000. Michango ya harusi na misiba 25,000. Hapo ni 540,000, na zinabaki 54,500 za nguo, nywele, na mkono wa huruma. Hiyo ya huruma weka 15,000 taslimu kwenye bahasha yake, kwa yule mama wa jirani ambaye mtoto wake anaumwa usiku. Fungu la kumi la usharika halimfikii usiku huo.

Kwenye michango ndipo vijana wengi mnapovuja. Kadi za harusi zinakuja nne kwa mwezi, kila moja ina kiwango chake cha mtu mmoja na cha wawili, na kikao kinasoma majina ya waliolipa kwenye kundi la WhatsApp. Wewe una 25,000. Ndugu wa damu na rafiki wa karibu wapate zaidi, wengine uwape pongezi na sala. Msiba hauna kadi, usiupunje. Na usiahidi kwenye harambee kwa sababu mshereheshaji amekutaja jina. Mhubiri 5:5 inasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Anania na Safira hawakufa kwa kutoa kidogo. Petro alimwambia Anania wazi kwamba kiwanja kilikuwa mali yake na thamani yake ilikuwa katika uwezo wake; kosa lilikuwa kutangaza kimoja na kuleta kingine. Ahadi ya 500,000 iliyopigiwa makofi na kulipwa 50,000 iko karibu na huko kuliko tunavyopenda kukiri.

Akiba ya dharura lengo lake ni miezi 3 ya mambo ya lazima: kodi, chakula, nauli na umeme ni 345,000, mara 3 ni 1,035,000. Kwa 60,000 kwa mwezi utafika mwezi wa 18. Isikae kwenye akaunti ya kadi unayotembea nayo, itaisha kwa sababu ndogondogo. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, unafaa, kwa sababu unaweza kuitoa ndani ya siku chache za kazi lakini si usiku wa manane ukiwa dukani. Ikijaa, zile 60,000 zielekeze SACCOS au uzikusanye ununue hati fungani za serikali, yaani uikopeshe serikali kwa riba, ambazo zinaanzia shilingi 1,000,000.

Kuna mtu atakuambia kuweka akiba ni kutomwamini Mungu, atataja mana iliyooza na tajiri mpumbavu wa Luka 12. Mana ya siku ya sita haikuoza, kwa sababu ilihifadhiwa kwa agizo. Yusufu aliweka sehemu ya tano ya mavuno ya Misri kwa miaka 7, na Biblia inamwita mwenye hekima. Msikilize yule tajiri anavyozungumza: mazao yangu, ghala zangu, nafsi yangu. Mkulima mzima hana hata mtu mmoja wa kushauriana naye wala wa kumgawia. Akiba yako ina majina ya watu ndani yake, ndiyo tofauti.

Utajiri wenyewe usiuogope wala usiuabudu. Yesu alimwambia yule mtu mwenye mali nyingi auze vyote. Zakayo alitoa nusu na kurudisha mara nne kwa aliowadhulumu, na Yesu akakubali. Yoana mke wa Kuza alihudumia safari ya Injili kwa mali yake na hakuambiwa auze kitu. Hakuna kiwango kimoja, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameshikwa mahali tofauti. Njia ya kujijua ni rahisi na haipendezi: angalia ni kitu gani umeacha kwa ajili ya fedha miezi hii 3. Ukikuta ni ibada ya Jumapili kwa sababu ya biashara ya mtandaoni, au usingizi, au kumtembelea mgonjwa, hapo umeshaonyeshwa bwana wako. Hamwezi kumtumikia Mungu na mali, alisema, na aliliweka jambo hilo kama suala la ajira: mtumwa mmoja hawi na mabwana wawili.

Nimalizie na yule dada wa ofisini. Mithali 6 inaanza na neno "mwanangu" na somo lake ni udhamini: ukishajifunga, usilale, nenda ukajinasue kama paa. Kwenye SACCOS ukidhamini, akiba yako inafungwa hadi deni liishe. Akiacha kazi au akihama, marejesho yanakatwa kwako. Kabla ya kusaini muulize mkopo ni kiasi gani, wa miezi mingapi, ana akiba kiasi gani ndani, na wadhamini wengine ni akina nani. Kisha soma fomu uone kama kila mdhamini anabeba sehemu yake au kila mmoja anabeba deni lote. Hii ya pili ndiyo inayowaliza watu: mkopo wa 3,000,000 wenye wadhamini 3, wawili wakiwa wamejitoa kazini, unabaki wako peke yako. Usidhamini zaidi ya kiasi ambacho ungeweza kumpa zawadi bila kukosa kodi, na kwa sasa kiasi hicho kwako hakifiki 100,000. Mwambie hivyo mapema, ana kwa ana, usimzungushe wiki mbili. Kama shida yake ni ada ya mtoto, mchangie 15,000 ya bahasha ile ya huruma na usiidai.

Kwa kikundi cha maombi wape jibu fupi: utaleta kikapu. Mwezi Januari ongeza 20,000 juu ya fungu lako, uitoe kwa shukrani kwa kazi uliyopata, kwa moyo wa ukunjufu. Wakiendelea kukutisha kwa laana, hama kikundi, usihame imani.

Baba yako amenakili mgawanyo wako kwenye karatasi ya nyuma. Tarehe 30 ujaze safu ya pili, ulichotumia kweli, hata pale palipozidi, kisha upige picha unitumie kabla hujalipa chochote cha mwezi unaofuata.

Mama yako